Ole: Bahari Pande Zote, Shingo Zina Njaa

Ndugu msomaji, safari ya kwenda Ole haimfai mtu mwenye haraka. Ukitoka Dar es Salaam utavuka bahari hadi Unguja, na ukitoka Unguja utavuka tena bahari nyingine yenye mawimbi mazito zaidi, mpaka Pemba ijitokeze mbele yako kama kilima kilichooteshwa miti katikati ya maji. Waarabu wa kale walikiita Kisiwa cha Kijani, wala hawakukosea. Ukishuka bandarini Mkoani utapanda gari la abiria kuelekea kaskazini, upite mji wa Chake Chake, uendelee kupanda vilima na kuteremkia mabonde ya mpunga, huku mikarafuu ikikusindikiza kulia na kushoto, hata utingo agonge bodi na kuita: "Ole, wa kushuka!"

Mimi nilishuka hapo saa saba za mchana, wakati wa mavuno ya karafuu. Jua lilikuwa limesimama utosini. Mbele ya nyumba karafuu zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi, na harufu yake ilikuwa kali kiasi cha kumfanya mgeni apige chafya. Watoto walikuwa wakizigeuza, na wakubwa wamekaa kivulini wakijipepea. Katika mtaa mzima hapakuwa na mtu aliyelalamika baridi isipokuwa mmoja. Na huyo mmoja ndiye niliyekuwa nikimwendea.

Mama yangu mdogo alikuwa ameketi barazani, amejifunika kanga mbili na juu yake sweta la mwanawe. Nilipomwamkia, "Shikamoo, mama," aliitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuitambua: nzito, yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Uso wake ulikuwa umejaa, kope zimevimba, na nyusi zimepungua upande wa nje. Alinipa mkono, ulikuwa wa baridi na mkavu kama gome la mti.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Usinishangae. Watu wanasema siku hizi nimekuwa mvivu."

Neno hilo, mvivu, ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mwanamke huyo nilimfahamu tangu utoto wangu kuwa ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Alikuwa akipanda mpunga bondeni asubuhi, akichambua karafuu jioni, na katikati ya kazi hizo alilea watoto sita. Mtu wa namna hiyo hawi mvivu ghafla akiwa na miaka hamsini. Likitokea jambo kama hilo, pana sababu, na sababu yenyewe hutafutwa mwilini kabla ya kutafutwa katika tabia yake.

MARADHI YANAYOFANANA NA UVIVU

Katika shingo ya kila mwanadamu, mbele, chini kidogo ya kongomeo, ipo tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Madaktari huiita thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni inayouamuru mwili uende kwa kasi gani: moyo upige vipi, chakula kitumike kwa haraka gani, joto litunzwe kiasi gani. Mfano wake ni utambi wa jiko la mafuta ya taa. Utambi ukiteremshwa mno, moto hauzimiki, lakini chungu nacho hakichemki.

Tezi hiyo inapolegea, mgonjwa huchoka bila ya kufanya kazi. Huhisi baridi wakati wenziwe wanatoka jasho. Hunenepa ingawa hali sana. Ngozi hukauka, nywele hukatika, sauti hukwaruza, choo huwa kigumu, na moyo hupiga polepole. Husahau mambo madogo, na huzuni humkalia pasipo msiba. Mwanamke huweza kupata hedhi nyingi isiyo ya kawaida, au kuchelewa kushika mimba, na hapo ndipo maneno ya majirani huanza. Maradhi haya huwapata wanawake kuliko wanaume, nayo huja kwa mwendo wa kinyonga. Mgonjwa mwenyewe hawezi kukutajia siku yalipoanza.

Kwa kuwa hayana homa wala kidonda, kila mtu huyapa jina alipendalo. Mume asiye na subira atasema mkewe amemchoka. Mkwe atasema mwali amebweteka. Jirani atanong'ona kwamba amefanyiwa kitu, au ana jini. Daktari asiye makini naye atasema ni mambo ya umri. Mama yangu mdogo alipewa majina hayo yote katika muda wa miaka miwili.

Hatimaye baba mdogo alimpeleka hospitali moja ya mjini, akapimwa damu, na majibu yakaonyesha kwamba tezi yake imelegea. Alipewa kidonge kidogo cheupe cha kumeza kila asubuhi kabla ya chakula. Kidonge hicho kina homoni ileile ambayo tezi imeshindwa kuitengeneza. Katika mwezi wa tatu alikuwa amerudi bondeni kwenye mpunga wake.

Sasa, ndugu msomaji, utauliza kama mimi nilivyouliza: ikiwa alipona, mbona nilimkuta na sweta katika jua la saa saba?

"Waliniambia nikimeze maisha yangu yote," alinijibu. "Mimi nikaona, dawa isiyomaliza maradhi ni dawa gani hiyo? Nikaenda kwa maalim."

KWA MAALIM

Pemba ina sifa ya uganga tangu zamani, na sifa hiyo imetiwa chumvi nyingi na wageni waliokuja kutafuta vituko. Anayekwenda kwa utulivu atakuta jambo la kawaida zaidi: watu wazima waliosoma, wanaofundisha watoto Kurani asubuhi, na wanaopokea wagonjwa baada ya sala ya alasiri. Jioni ile mama mdogo alinichukua kwa mmoja wao. Njia ilikuwa fupi, lakini tulipumzika mara tatu.

Maalim alitupokea ukumbini kwake, akatuuliza hali za jamaa mmoja mmoja. Hakuwa na pembe wala tunguri. Alikuwa na vitabu vilivyofungwa kwa kitambaa, sahani nyeupe za kauri, chupa ya marashi ya mawaridi, na kijaluba cha zafarani. Alinieleza kazi yake bila ya kuficha. Huloweka zafarani katika marashi ikawa wino mwekundu wa manjano. Kwa wino huo huandika aya za Kurani ndani ya sahani. Kisha sahani huoshwa kwa maji safi, na mgonjwa huyanywa maji yale. Hilo ndilo kombe. Pamoja na hilo humsomea dua mgonjwa, humpa habasoda iliyosagwa pamoja na asali, na wenye maumivu ya mgongo huwapeleka kwa mwenziwe anayeumika kwa chuku.

Nilimwuliza kwa adabu: "Maalim, mama huyu ulimwambia aache kidonge cha hospitali?"

Alinyamaza kidogo, akamtazama mama mdogo, kisha akanijibu: "Binti yangu, mimi sikumwambia aache. Sikujua kama anakinywa. Yeye hakunieleza, nami sikumwuliza."

Mama mdogo aliinamisha kichwa. Baadaye alinieleza kwamba alimwonea haya maalim, akadhani kumtajia kidonge ni kumwonyesha kwamba hana imani na maneno ya Mwenyezi Mungu. Na hospitali? Huko nako hakuna aliyemwuliza kama anatumia dawa nyingine, naye hakutaja kombe kwa kuogopa kuchekwa. Basi mgonjwa mmoja alikuwa na matabibu wawili, na kila tabibu alikuwa na nusu ya habari. Katikati ya nusu hizo mbili ndipo alipokaa yeye na baridi yake.

Maalim aliongeza maneno ambayo ningependa kila mwenye mgonjwa ayasikie. Alisema kombe ni kwa ajili ya moyo, na moyo ukitulia mgonjwa hupata nguvu ya kusubiri. Lakini kutuliza moyo ni kazi moja, na kumpa mwili kitu kilichopungua ni kazi nyingine. Alikumbusha mafundisho ya Mtume kwamba kila maradhi yameumbiwa dawa yake, na kwamba mtu hufunga ngamia wake kwanza ndipo akamtegemea Mungu. "Kidonge ndiyo kamba," alisema. "Dua haikatazi kamba."

KWA NINI ALIDHANI AMEPONA

Lipo jambo moja la ujanja katika dawa hii, na ni vyema familia zilifahamu, kwa sababu limewapoteza wengi. Mama mdogo alipoacha kidonge na kuanza kombe, alijiona mzima kwa wiki kadhaa. Aliwaambia shoga zake kwamba kombe limemponya, na hakusema uongo, alisema alivyohisi.

Ukweli ni kwamba homoni ya kidonge hiki haitoki mwilini upesi. Baada ya siku 7 hivi nusu yake bado imo katika damu. Baada ya wiki 2 hubaki robo, na baada ya wiki 3 hubaki thumuni. Kwa hiyo mgonjwa aliyeacha dawa huishi kwa akiba, kama familia iliyoacha kulima lakini ghala lina mpunga wa mwaka jana. Akiba inapokwisha, baridi hurudi, na kwa kuwa hurudi polepole, mgonjwa haihusishi na kidonge alichokiacha miezi miwili iliyopita. Husema: "Jini amerudi."

Hali kadhalika mwanzo wa tiba. Kidonge hakileti nafuu siku ya pili. Kwa kawaida damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8 ili daktari ajue kama kipimo kinatosha. Asiyeelezwa hayo hukata tamaa katika wiki ya kwanza.

Wala wasomaji wasidhani kwamba sayansi na tiba za kale ni watu wasiojuana. Kabla ya kidonge hiki kuwapo, mwaka 1891 daktari Mwingereza aliyeitwa George Murray alimtibu mama mmoja mwenye maradhi haya kwa maji yaliyotolewa katika tezi za kondoo. Mama yule, aliyekuwa taabani, aliishi miaka 28 zaidi. Tiba ile ingetajwa leo barazani, wengi wangesema ni uganga. Tofauti ni kwamba ilipimwa, ikarudiwa kwa wengine, na mwaka 1914 Mmarekani Edward Kendall akafaulu kuitenga ile homoni yenyewe.

Habasoda nayo imeanza kupimwa. Mwaka 2016 watafiti wa Iran walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 40 wa tezi, waliofuatiliwa kwa wiki 8. Waliotumia habasoda iliyosagwa walionyesha nafuu katika vipimo vya damu. Hiyo ni habari njema, lakini watu 40 ni abiria wa basi moja tu. Haitoshi kumfanya mtu atupe kidonge. Inatosha kumfanya anayependa habasoda amweleze daktari wake bila ya haya, ili kipimo cha dawa kiangaliwe. Ama kuumikwa, hata kukimpa mtu faraja, hakurudishi homoni iliyopungua. Na anayeumikwa ahakikishe wembe ni mpya na chuku ni safi.

CHUMVI ILIYOKO JIKONI

Usiku ule nilikwenda jikoni kumsaidia mdogo wangu, binti wa mama mdogo, aliyekuja kwa wazazi wake kusubiri mtoto wake wa kwanza. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alikuwa anapika muhogo kwa nazi na samaki wa kukaanga. Alipoinama kupuliza moto, mwanga ulimpiga shingoni, nikaona shingo yake imejaa mbele, mviringo, kama aliyemeza yai likakwama. Nilimwuliza tangu lini. Alicheka. Alisema watu humsifu kwamba ana shingo nzuri ya kuvalia mkufu.

Ndugu msomaji, huo ndio uvimbe uitwao rovu. Si kila mwenye rovu tezi yake imelegea, na si kila ambaye tezi yake imelegea ana rovu. Wapo ambao tezi yao hushambuliwa na kinga ya mwili wao wenyewe, na wapo waliodhurika baada ya kupasuliwa shingo. Lakini sababu kubwa ya rovu katika nchi nyingi za dunia ni njaa ya kitu kimoja kidogo sana, ambacho wataalamu huita ayodini na sisi Watanzania tumezoea kukiita madini joto. Tezi huhitaji madini hayo kutengeneza homoni yake. Isipoyapata huvimba, kama mtu anayepanua wavu ili anase samaki wachache waliobaki.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba shida hii ni ya watu wa milimani. Uswisi, nchi ya milima, ilianza kutia madini joto katika chumvi mwaka 1922 kwa sababu ya wingi wa rovu. Kwetu nako yalitazamwa zaidi maeneo ya nyanda za juu. Nani angewaza kwamba mtu wa kisiwani, anayekula samaki na kuoga maji ya chumvi, angepungukiwa na kitu kilichomo baharini?

Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Unguja na Pemba, nayo yaliwashangaza wengi. Rovu lilionekana kwa watoto 21 katika kila 100 Unguja, na 32 katika kila 100 Pemba. Mkojo wa watu wa Pemba ulionyesha kiasi kidogo cha madini joto, chini ya theluthi ya kile cha Unguja. Na chumvi yenye madini joto ilipatikana katika nyumba 63 hivi kwa kila 100 Unguja. Kwa Pemba ilikuwa nyumba moja tu kwa kila 100. Hesabu hizo ni za wakati ule, wala si za leo. Lakini binti aliyekuwa mtoto wa shule wakati ule ndiye mama mjamzito wa leo.

Nilimwuliza mdogo wangu anaweka wapi chumvi. Alinionyesha kifuu kilichokaa wazi juu ya mafiga, kimejaa chumvi ya mawe nyeupe, safi kwa macho, iliyovunwa katika majaruba ya chumvi ya pwani hapohapo Pemba. Ni kazi ya jasho ya wananchi wenyewe, nao wanastahili sifa. Lakini tufanye hesabu. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na madini joto yaliyomo hayazidi sana mikrogramu 60. Hata kama yote yangebaki wakati maji yanakauka juani, mtu anayekula gramu 5 za chumvi kwa siku angepata mikrogramu zisizofika 10. Mtu mzima anahitaji 150, na mjamzito 250. Basi chumvi ya bahari haina tofauti na maji ya kifuuni: bahari kwa chungu, si kwa mwanadamu. Madini joto hayana budi kuongezwa kwa makusudi baada ya chumvi kuvunwa, tena kwa kiasi kidogo na kwa gharama ndogo.

Muhogo nao una mchango wake. Ndani yake mna kitu ambacho mwilini huizuia tezi isiyanase madini joto. Mwenye madini ya kutosha hadhuriki. Mwenye njaa ya madini hudhurika zaidi. Hatuwezi kumwambia Mpemba aache muhogo, na hapana haja. Uandaliwe na kupikwa vizuri kama walivyofundisha wazee, na chumvi iwe ile ipasayo.

Jambo lililonikosesha usingizi usiku ule halikuwa shingo ya mdogo wangu. Lilikuwa mtoto aliyemo tumboni. Ubongo wa mtoto hujengwa kwa msaada wa homoni ya tezi, na katika miezi ya mwanzo hutegemea ile ya mama yake. Upungufu mkubwa wa madini joto humzaa mtoto mzito wa akili, na pengine bubu au kiziwi, na hasara hiyo hairudishwi na kidonge wala kombe. Huo ni msiba unaoweza kuzuiwa kwa kijiko cha chumvi.

MAMBO YA KUSHIKA

Asubuhi iliyofuata tuliketi barazani watu watano: mama mdogo, mumewe, binti yao, maalim aliyekuja kwa hiari yake, na mimi. Tulikubaliana mambo ambayo naamini yatafaa nyumba yoyote, iwe Ole, Manzese au Kariakoo.

Kwanza, mwenye dalili nilizozitaja apimwe damu. Haitoshi kumtazama, na haitoshi kumpiga ramli.

Pili, aliyeandikiwa kidonge akimeze kila siku kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Maziwa, kahawa, vidonge vya kuongeza damu na vya chokaa huizuia dawa isiingie mwilini. Vidonge hivyo viwekwe mbali kwa saa 4. Dawa za maalim za kunywa au kulamba nazo zisigongane nacho. Kidonge alfajiri, kombe alasiri.

Tatu, katika mwezi wa Ramadhani mgonjwa asikiache kidonge. Anaweza kukimeza usiku wakati wa kulala, tumbo likiwa limepumzika saa kadhaa baada ya futari, au nusu saa kabla ya daku. Achague saa moja pamoja na daktari wake na aishike mwezi mzima.

Nne, mwanamke anayemeza kidonge hiki akishika mimba asikiache. Aende kliniki mapema, kwani aghalabu kipimo huongezwa.

Tano, chumvi inunuliwe ile iliyoandikwa kwamba ina madini joto. Iwekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto, jua na unyevu, na itiwe chunguni karibu na chakula kuiva, kwa maana moto mwingi hupunguza madini hayo.

Sita, asitokee mtu akadhani kwamba kwa kuwa madini joto ni mazuri, basi mengi ni mazuri zaidi. Wengine wameanza kuutazama mwani, ambao akina mama wa Zanzibar wamekuwa wakiulima kwa biashara tangu mwaka 1989, kama dawa ya tezi. Madini ya kupita kiasi huweza kuiharibu tezi vilevile. Na ambaye tezi yake imelegezwa na kinga ya mwili, chumvi peke yake haitamponya.

Maalim alisikiliza yote, kisha akasema kwamba tangu siku hiyo, mgonjwa akiingia ukumbini kwake, kabla ya kuchukua sahani atamwuliza maswali mawili: Umekwenda hospitali? Unakunywa dawa gani? Ndugu msomaji, mimi nimehudhuria mikutano mingi ya afya, lakini sikumbuki azimio lililonifurahisha kama hilo. Ole, kama ilivyo katika vijiji vyetu vingi, mlango wa kwanza anaobisha mgonjwa ni wa maalim, tena yeye ndiye mwenye muda wa kumsikiliza. Akiuliza maswali hayo mawili, amekuwa askari wa siha ya wananchi. Nao waganga wa zahanati na hospitali wangeuliza la kwao, bila ya kucheka: Na huko nyumbani unatumia nini?

Nilipoondoka Ole mama mdogo alikuwa amekwisha rudia kidonge chake, na kombe lake halikukatazwa. Miezi miwili baadaye nilimpigia simu. Ilipokewa na sauti nyororo, nikadhani ni ya binti yake, nikamwomba aniitie mama. "Mama ndiye mimi," alijibu akicheka. Alikuwa anachambua karafuu. Nilimwuliza juu ya mdogo wangu. Akasema anakwenda kliniki, shingo yake imepimwa, damu yake imepimwa, na kifuu cha chumvi kimeondoka mafigani. Mtoto alikuwa akicheza tumboni. Siku zake za kujifungua zilikuwa bado.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamwumbua. Tuongeze basi kwamba mgonjwa asifiche dawa kwa tabibu, wala tabibu asione haya kuuliza. Na wewe msomaji, kabla ya chakula cha leo cha Jumapili kuteremshwa motoni, nenda jikoni ukaitazame chumvi yako: imeandikwa nini, na imefunikwa au iko wazi.